Heinrich Böll: Uanze na Katharina, Mchekeshaji au Biliadi?

Mtu akiniuliza aanzie wapi kumsoma Heinrich Böll, namuuliza kwanza muda alio nao: jioni mbili, wiki moja au mwezi? Halafu namuuliza swali zito zaidi. Kipi kinakuumiza: uongo unaochapishwa, unafiki wa watu wa ibada, au ukimya wa familia inayojua jambo na hailisemi? Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kuchagua kitabu.

Nairobi wapo wanaolijua jina Böll kupitia taasisi ya Kijerumani inayolibeba, ambayo ina ofisi mjini humo. Mwenyewe alizaliwa Köln tarehe 21 Desemba 1917, mtoto wa seremala Mkatoliki. Aliingizwa jeshini mwaka 1939 na akatoka 1945 akiwa mateka wa Wamarekani, amejeruhiwa zaidi ya mara moja katika vita ambayo hakuipenda hata siku moja. Mji aliourudia ulikuwa kifusi. Kuanzia hapo aliandika mpaka alipofariki Julai 1985, na katikati yake, mwaka 1972, akapewa Nobeli ya fasihi.

Neno "riwaya ya kisiasa" humfanya msomaji ategemee bunge, uchaguzi na hotuba. Kwa Böll hayo hupita kwa mbali. Siasa yake iko kwenye fomu ya ndoa, kwenye wimbo walioimba watawa usiku mmoja, kwenye neno moja ndani ya maelezo ya polisi. Kwa hiyo huhitaji kujua historia ya vyama vya Ujerumani Magharibi ili umfuate. Unahitaji tu kuwahi kuona jinsi watu wenye heshima zao wanavyogeuka upepo ukigeuka.

Vitabu ninavyovilinganisha ni vitatu. *Billard um halb zehn* kilitoka 1959, nami nakiita *Biliadi Saa Tatu na Nusu*, maana hiyo ndiyo saa yenyewe tukiihesabu kwa Kiswahili. *Ansichten eines Clowns*, *Maoni ya Mchekeshaji*, ni cha 1963. *Die verlorene Ehre der Katharina Blum*, *Heshima Iliyopotea ya Katharina Blum*, ni cha 1974. Ninashauri visomwe kwa kurudi nyuma, cha mwisho kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Katharina: siku nne na bastola

Katharina Blum ana miaka 27. Ni mtunza nyumba kwa wakili Blorna na mkewe, ana gari lake dogo na fleti anayoilipia kwa jasho lake. Jumatano tarehe 20 Februari 1974, kanivali (sherehe za kabla ya Kwaresima) inapokaribia, anakwenda kwenye hafla nyumbani kwa mama yake wa ubatizo, anacheza usiku kucha na kijana aitwaye Ludwig Götten, kisha wanaondoka pamoja. Asubuhi polisi wenye silaha wanaivamia fleti. Götten anasakwa, na hayumo. Katharina anachukuliwa kuhojiwa. Jumapili mchana anampiga risasi mwandishi wa gazeti, anazunguka mjini saa kadhaa akitafuta majuto moyoni asiyaone, na jioni anajisalimisha.

Sijakuharibia kitabu. Hayo yote Böll anayasema katika kurasa za mwanzo, kwa sababu hataki ukae unawaza nani kaua. Anataka uangalie siku nne zilivyojengwa, tofali kwa tofali, mpaka mwanamke mtulivu akashika bastola.

Gazeti lenyewe linaitwa GAZETI tu, kwa herufi kubwa. Kila aliyewahi kushika gazeti la udaku atalitambua kabla ya kufika ukurasa wa ishirini. Wakili Blorna anaulizwa na mwandishi wa gazeti hilo Katharina ni mtu wa namna gani, anajibu kwamba ni mwerevu na mtulivu. Kesho yake imechapishwa kwamba ni baridi kama barafu na mwenye hesabu kali. Mama yake Katharina yuko hospitali, ametoka kwenye upasuaji mkubwa. Mwandishi Tötges anavaa nguo za fundi rangi, anapenya mpaka kitandani. Mama mgonjwa anasema kwa uchungu: kwa nini ilibidi iwe hivi, kwa nini ilibidi iishie hivi? Gazeti linaandika: ilibidi iwe hivi, ilibidi iishie hivi. Kilichoondolewa ni "kwa nini" tu. Swali la mzazi limegeuzwa kuwa hukumu juu ya mwanawe, na mwandishi anajitetea kwamba amezoea kuwasaidia watu wa kawaida kujieleza.

Kwangu hapo ndipo moyo wa kitabu ulipo, na kuna ukurasa mwingine unaolingana nao. Katharina anapoandikishwa maelezo polisi, anagoma kutia saini kwa sababu ya maneno. Kuhusu wanaume waliokuwa wakimfuatafuata kwenye hafla za waajiri wake, ofisa anataka kuandika kwamba walimwonyesha mahaba. Katharina anakataa: walinighasi, walinisumbua. Mahaba hutoka kwa wawili, usumbufu hutoka kwa mmoja, na mara zote ulikuwa wa upande mmoja. Kuhusu akina Blorna, yeye amesema ni watu wa huruma, polisi wanataka waandike neno jepesi, kwamba walimtendea vizuri. Anagoma tena. Saa zinakwenda kwa mabishano ya maneno mawili matatu, na polisi wanamwona msumbufu. Lakini ndiye mtu pekee katika chumba kile anayelichukulia neno kama kitu chenye uzito. Baadaye, maneno yanapomwangukia kutoka gazetini, unajua aliyaogopa kwa sababu gani.

Böll hakuliota jambo hili. Desemba 1971 benki iliporwa huko Kaiserslautern na askari polisi akauawa. Bild, gazeti la udaku la Ujerumani, likatangaza mara moja kwamba ni kazi ya kundi la Baader-Meinhof, wapiganaji wa siri wa mrengo wa kushoto, kabla uchunguzi haujathibitisha. Januari 1972 Böll aliandika katika jarida la Der Spiegel akilishambulia Bild kwa namna ya kuandika inayowahukumu watu kabla ya mahakama, na akataka Ulrike Meinhof, mmoja wa viongozi wa kundi hilo, apewe nafasi ya kufikishwa mbele ya kesi ya haki. Kilichofuata kilikuwa dhoruba. Aliitwa mtetezi wa magaidi, na Juni mwaka huo polisi walifika kupekua nyumba yake ya shamba katika vilima vya Eifel. Miezi michache baadaye akatunukiwa Nobeli. Katharina ilipotoka 1974, mwanzoni aliweka maneno kwamba ikiwa uandishi unaoelezwa humo unafanana na wa Bild, kufanana huko hakukukusudiwa wala si kwa bahati, ila hakuepukiki.

Kasoro yake? Hasira. Tötges hana hata punje ya ubinadamu, na ningependa kumwona walau mara moja akisita. Mwandishi aliyeumizwa hivyo hakuwa na subira ya kumpa adui yake sura kamili, nami namwelewa, ila kama msomaji naliona pengo.

Ni kurasa 150 hivi. Jioni mbili zinatosha.

Mchekeshaji: simu, goti na mark moja

Hans Schnier ni mtoto wa familia tajiri ya makaa ya mawe huko Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati huo, na kazi yake ni kuchekesha watu jukwaani. Ameanguka akiwa kazini Bochum, goti limeumia, mikataba inakauka. Marie, aliyeishi naye miaka kadhaa bila ndoa, amemwacha na kuolewa na Mkatoliki mwenye cheo kinachopanda. Hans anarudi kwenye fleti yake jioni, mfukoni ana mark moja tu, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, anashika simu. Karibu kitabu chote ni simu hizo na kumbukumbu zinazoingia katikati yake.

Wagomvi wake ni Wakatoliki wasomi waliomzunguka Marie, watu wa kamati na chakula cha jioni, wanaojua sana kusema kuhusu "utaratibu" na kidogo sana kuhusu mtu mwenye njaa aliye mbele yao. Marie alimwacha baada ya ugomvi juu ya karatasi: ndoa ya kiserikali, na ahadi ya maandishi kwamba watoto watalelewa Kikatoliki. Hans alikataa, halafu akasema angetia saini, naye Marie akaona kwamba saini isiyo na imani haina maana. Wote wawili wana hoja. Nimesoma ugomvi huo mara nyingi, na mpaka leo siwezi kusema nani alikosea zaidi.

Usidhani ni kitabu cha mtu asiye na dini. Böll alikuwa Mkatoliki aliyekasirika kwa sababu aliamini. Huko Ujerumani serikali hukusanya kodi ya kanisa kwa niaba ya kanisa, na yeye aliona fedha na imani zimefungwa kamba moja. Mwaka 1976 alijiondoa rasmi katika kanisa kama taasisi, akisema hajaiacha imani. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika jumuiya ndogondogo, mwenye mapenzi na kanisa lake na mwenye jambo linalomkaba kooni kulihusu, atakisoma kitabu hiki kama barua aliyoandikiwa yeye.

Siasa imo pia, na inauma zaidi inapokuja nyumbani. Februari 1945, vita ikiwa imeshashindwa, mama yake Hans alimruhusu binti yake Henriette, bado msichana mdogo, aende kwenye kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege, kwa maneno kwamba kila mtu atimize wajibu wake kuwafukuza "Wamarekani wa Kiyahudi" kutoka ardhi takatifu ya Ujerumani. Henriette hakurudi. Miaka baadaye mama huyohuyo ni mwenyekiti wa kamati ya kupatanisha watu wa rangi na asili tofauti. Hans anampigia simu na kujitambulisha kuwa ni mjumbe wa Wamarekani wa Kiyahudi anayepita njia, anaomba kuzungumza na binti yake. Mistari michache tu hiyo. Sijui ukurasa mwingine wa Böll unaoonyesha vizuri hivyo mtu anavyobadilisha koti bila kuoga.

Kasoro ya kitabu hiki ni kwamba Marie hatumsikii. Tunamjua kupitia kinywa cha mwanamume aliyeachwa, anayejihurumia sana. Ukisoma bila kulikumbuka hilo, utamhukumu Marie kama GAZETI linavyomhukumu Katharina. Ndiyo sababu mojawapo ya kushauri Katharina itangulie: inakufundisha kuuliza nani anasimulia.

Biliadi: abasia iliyolipuliwa

Hiki ndicho kigumu, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote vitatu.

Siku ni moja, tarehe 6 Septemba 1958. Mzee Heinrich Fähmel, msanifu majengo, anatimiza miaka 80. Alipokuwa kijana alishinda shindano la kujenga abasia (monasteri kubwa ya watawa) ya Mtakatifu Anton, na jina lake likasimama juu ya jengo hilo. Mwanawe Robert, mtaalamu wa kupima uzito na nguvu za majengo, aliilipua abasia hiyo siku za mwisho za vita, akiwa ofisa wa milipuko chini ya jenerali aliyepandwa na wazimu wa kutaka uwanja mtupu wa kufyatulia risasi. Mjukuu, Joseph, yuko kwenye kazi ya kuijenga upya, na siku hiyo anakaribia kuigundua siri ya baba yake.

Kwa nini Robert aliilipua? Amri ilikuwepo, lakini amri haikuwa sababu. Watawa wa abasia ile waliwasha moto wa sherehe pamoja na Wanazi na kuimba nyimbo zao. Robert aliyabomoa mawe kwa ajili ya watu waliouawa ambao hakuna aliyewajengea chochote. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kanisa la Peramiho au la Ndanda, ambako Wabenediktini wa Kijerumani walijenga, anaweza kupima uzito wa swali hilo: jengo zuri lina thamani gani likiwekwa kwenye mizani pamoja na kijana wa riwaya hii aliyekatwa kichwa kwa sababu alimrushia bomu mwalimu wa Kinazi?

Böll anawagawa watu kwa sakramenti mbili. Wapo walioonja sakramenti ya nyati, yaani wenye nguvu na wanaoifuata nguvu, na wapo wa mwanakondoo. Neno "Nazi" halitumiki kama ambavyo ungetegemea. Badala yake unaona nani alikula meza ipi. Nettlinger, aliyewatesa wenzake shuleni, mwaka 1958 ni mtu wa serikali anayekula vizuri na kutoa misaada. Schrella, aliyekimbia nchi, anarudi na anakamatwa mpakani kwa sababu jina lake halijafutwa kwenye orodha ya wanaosakwa. Anayemtoa rumande ni Nettlinger. Tukio hilo peke yake lingetosha kueleza Ujerumani ya miaka ya 1950.

Na yuko Johanna, mke wa mzee Heinrich. Wakati wa vita alikwenda kwenye behewa za Wayahudi akadai naye apelekwe, familia ikamwokoa kwa kumweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku ya sherehe anatoka, ana bastola, anapanda hotelini. Roshani ya pili amesimama mwanasiasa anayetazama gwaride la wapiganaji wa zamani. Mpaka hapo nitanyamaza.

Mgawanyo wa nyati na mwanakondoo, nikisema kweli, ni safi mno. Katika maisha mtu huyohuyo hula meza zote mbili kwa juma moja, na Nettlinger mwenyewe angefaa kuandikwa kwa utata zaidi. Hata hivyo hakuna riwaya nyingine ya Böll inayobeba vizazi vitatu katika saa kumi hivi na kukuacha unahisi umeishi nao miaka hamsini.

Tukiviweka ubavu kwa ubavu

Usimulizi ndio unaovitofautisha zaidi. Katharina inasimuliwa na mtu asiye na jina, anayekusanya taarifa kutoka kwa wakili, mwendesha mashtaka na maelezo ya polisi, kwa lugha kavu ya ripoti. Mchekeshaji ni sauti moja, "mimi", kuanzia mwanzo hadi mwisho. Biliadi inarukaruka: sura moja iko kichwani mwa katibu wa ofisi, nyingine kwa mzee, nyingine kwa Johanna anayesema bila kituo.

Hilo lina matokeo kwa wale wanaojifunza Kijerumani, iwe Goethe-Institut Nairobi au Dar es Salaam au peke yao. Ufupi wa Katharina unadanganya. Ripoti ile imejaa maneno ya watu wengine yanayosimuliwa kwa sarufi ya "inasemekana", na sentensi ndefu za kiofisi. Kama unasoma kwa Kijerumani, ningekutanguliza kwa Mchekeshaji, kwa sababu Hans anaongea kama mtu aliye mbele yako. Kama unasoma tafsiri ya Kiingereza, Katharina na Mchekeshaji zilitafsiriwa na Leila Vennewitz, aliyemfanyia Böll kazi kwa miaka mingi, na sauti zote mbili zimesalia hai. Hapo rudi kwenye ushauri wangu wa kwanza, Katharina itangulie.

Kama unasoma katika kikundi, chagua Katharina bila kusita. Watu watabishana: je, alikuwa na haki? Neno "vurugu" lipo kwenye jina dogo la kitabu, linalouliza zinavyoweza kuzaliwa na zinakoweza kufikia, na mjadala utaanzia hapo wenyewe. Mchekeshaji usome peke yako, usiku. Biliadi isome na mtu mmoja mwingine, ambaye mtapigiana simu kuulizana Otto ni nani.

Ipo filamu ya Katharina ya mwaka 1975, ya Volker Schlöndorff na Margarethe von Trotta, na Angela Winkler ameigiza vizuri sana. Itazame baada ya kusoma. Filamu haiwezi kukuonyesha ugomvi wa maneno polisi kwa upole ule kitabu kinavyouonyesha, na ukianza nayo utakwenda kitabuni ukitafuta bastola.

Vingine nitavipitia haraka. *Gruppenbild mit Dame* ya 1971 ni nene na nzuri. Mwanamke anampa mateka wa Kirusi kikombe cha kahawa karakana ya mashada ya maua, na kikombe hicho kinatikisa chumba kizima. Kiweke kwa likizo ndefu. *Fürsorgliche Belagerung* ya 1979 kinafaa mara tu baada ya Katharina, kwa sababu kinaigeuza: safari hii tajiri wa magazeti na familia yake ndio waliozungukwa na walinzi mpaka hawana faragha. Hakina ukali wa Katharina. *Frauen vor Flusslandschaft*, kilichotoka 1985 baada ya kifo chake, ni mazungumzo matupu ya wakubwa wa Bonn, na singempa msomaji mpya.

Ukifika kwenye Biliadi, chukua karatasi kabla ya kufungua. Mara ya kwanza nilikiacha katikati kwa kupotea kwenye majina. Mara ya pili niliandika: Heinrich na Johanna juu, chini yao Robert, na Otto aliyegeuka nyati, pembeni Edith, mke wa Robert, na kaka yake Schrella, chini kabisa Joseph na dada yake Ruth. Kisha nikaandika 1907, 1935, 1945 na 1958 kwenye ukingo, na kila sura ilipoanza niliweka alama kwenye mwaka wake. Kufikia keki ya siku ya kuzaliwa, yenye umbo la abasia, na mzee ameshika kisu, sikuhitaji tena kuitazama karatasi.